Nishani ya Hana-Jina

"Kabla mama yangu hajafumba macho, jina langu litasomwa redioni, na nyinyi wote mtazima pikipiki zenu msikilize!"

Nergui aliyatamka hayo mbele ya watu themanini na wawili, kwenye mkutano wa kata, ndani ya ukumbi wa shule ambao jiko lake hutoa moshi mwingi kuliko moto. Alikuwa amesimama juu ya benchi. Hakuwa amelewa, alikuwa amekunywa bakuli moja tu la maziwa ya farasi yaliyochacha, na kwa watu wa nyika ile bakuli moja ni kusukutua. Ilikuwa furaha tu, na furaha isiyozoeleka humpandisha mtu kwenye mabenchi.

Gombo, mtendaji wa kata, alikuwa ndiyo kwanza ametangaza kwamba kata inapeleka jina la Nergui lipewe nishani ya taifa, ile wanayovishwa wahudumu wa afya na watu wanaojitolea, ambayo orodha yake husomwa redioni kila mwaka siku chache kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu yao ya mwaka mpya. Mikono yote ilikuwa imenyooshwa juu, hata wa Zagd, ambaye kwa kawaida huunyoosha mkono wake kuelekea chakula tu.

"Sasa redioni watasemaje?" Zagd akapaza sauti kutoka nyuma. "'Nishani inakwenda kwa Hana-Jina'? Si watu watadhani msomaji kapoteza miwani!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nergui naye akacheka, akamnyooshea kidole.

"Nyamaza wewe. Nilikutoa tumboni kwa mama yako umetanguliza makalio, na mpaka leo hujageuka!"

Watu wakagongana mabega kwa kucheka. Katika benchi la mbele, bibi mmoja mdogo kama furushi, macho yake yameingia ukungu, alikuwa hacheki. Alikuwa analia na kujifuta kwa mkono wa joho. Huyo ndiye Dulmaa, mama yake Nergui. Na kulia kwake kulikuwa na historia.

Neno nergui, kwa lugha yao, maana yake ni hilohilo alilolisema Zagd: hana jina. Dulmaa alizaa watoto watatu kabla yake, akawapa majina mazuri, ya maua na ya nyota, na wote watatu wakaondoka kabla hata ya kukatwa nywele za kwanza. Alipozaliwa wa nne, lama mmoja mzee, mtawa wa dini yao, akamnong'oneza mama: usimpe mtoto huyu pa kushikwa. Kwa hiyo kifo kilipobisha hodi kwenye ger, hema lao la manyoya, kuuliza humu yumo nani, kikajibiwa: hana jina. Na kifo, ambacho ni mtumishi wa ofisi kama watumishi wengine, hakichukui kitu kisichoandikwa jina. Kikageuza farasi wake kikaenda zake.

"Nilikipiga chenga kwa neno moja," Dulmaa alikuwa akipenda kusema. Lakini ujanja ule ulimla moyo. Mtoto alikwenda shule, mwalimu akiita majina, darasa zima linacheka. Akaolewa, wazee wa upande wa mume wakaguna; mume mwenyewe hakudumu. Usiku wa mkutano ule Dulmaa alimshika mkono mwanawe akamwambia kitu ambacho hakuwahi kukisema.

"Nilikunyima jina ili uishi. Sasa kabla sijaondoka, nataka nisikie serikali inakuita kwa sauti, mbele za watu, na usipatwe na kitu. Nikisikia hivyo nitajua sikukuibia."

"Utasikia, mama," Nergui akasema. Na huyo alikuwa mwanamke ambaye akisema atafika, hufika, hata kama itabidi abebwe na pikipiki au aibebe yeye.

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini na minne alikuwa tabibu wa kata, kata yenye familia mia moja na sitini na mbuzi wasiohesabika, na kuivuka kwake kunataka siku mbili kama upepo una adabu. Alimaliza pikipiki tatu. Kwingine duniani watu huhangaika chanjo zisipate joto; kule kazi ni zisigande, kwa hiyo Nergui alizisafirisha kifuani, ndani ya joho, chini ya matiti, na akifika kwenye ger la watu alizitoa moja moja zikiwa na uvuguvugu wa mwili, watoto wakidhani sindano zote duniani huzaliwa na daktari. Alizalisha wanawake mia mbili na kumi na tisa. Alikuwa anajua ng'ombe wa nani ana kifua na mume wa nani ana mkono mwepesi.

Akafika umri wa kustaafu. Wakampa saa ya ukutani. Serikali ikamleta msichana wa kumrithi. Msichana akakaa siku tisa, nane kati ya hizo akiwa juu ya kilima anatafuta mtandao, akaondoka na gari la kubeba ngozi. Hakuletwa mwingine. Kwa hiyo Nergui akaendelea kwa kujitolea, maana yake kazi ileile, baridi ileile, mshahara ndio uliostaafu.

Mwaka wa kwanza baada ya mkutano, walishona joho jipya. La hariri ya buluu, kola ya fedha, na upande wa kushoto wa kifua Dulmaa akaweka bitana mbili ili pini ya nishani isichane. Mikono yake ndiyo iliyoshona, kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yameshaaga. Siku ya kusomwa orodha, watu wakajaa kwenye ger. Zagd akaja na familia nzima na sufuria ya maandazi ya nyama. Redio ikawekwa kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa, Dulmaa akaketi sikio limegusa spika.

Likasomwa jina la mtu wa kaskazini aliyechangia damu mara themanini. Akasomwa muuguzi mmoja wa mjini, na mzee aliyechimba visima. Wakasomwa wengine kumi na wanne. Halafu ukapigwa wimbo.

"Hiyo ni sehemu ya kwanza," alisema Gombo.

Haikuwepo sehemu ya pili. Maandazi yakaliwa kimyakimya, ambayo kwa maandazi ni aibu.

"Mwakani," Gombo akasema akivaa kofia. "Hawa watu wa juu wana foleni yao. Mwakani, Daktari."

Mwakani wakaja watu nusu. Mwaka wa tatu akaja Gombo peke yake, akakaa na kofia yake mkononi. Wahenga walisema chema chajiuza. Wahenga hawakuwahi kupeleka faili mkoani.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza kuota miguu. Mtu akikosa mara moja, kakosa. Akikosa mara mbili, ana bahati mbaya. Mara tatu, basi kuna jambo. Kwenye visima, kwenye kunyoa kondoo, watu waliulizana: mbona wanamkata kila mwaka? Wizara ina kumbukumbu zote, hawa hawamkati mtu hivihivi. Halafu mtu mmoja, hakuna ajuaye nani, akakumbuka mtoto wa Sodnom.

Mtoto wa Sodnom alizaliwa katika dhoruba miaka kumi na saba nyuma. Sodnom alikuja kumwita tabibu siku ya pili ya uchungu, baada ya kuwa amejaribu kwanza ujuzi wa shangazi yake, na Nergui akatembea saa sita kwenye theluji kwa kufuata mkia wa farasi kwa sababu pikipiki ilikataa. Alipofika mtoto alikuwa ameshachoka kuzaliwa, akatoka bila pumzi. Sodnom mwenyewe alimshukuru, akampa kondoo. Lakini Sodnom alikuwa amehamia mjini siku nyingi, na aliyehama hawezi kukanusha. Kwa hiyo hadithi ikakua yenyewe kama mtoto wa kambo: tabibu alichelewa, tabibu alikuwa amelala, tabibu alimpa mama dawa siyo.

Nergui aliyasikia kwa namna watu wanavyoyasikia mambo yao wenyewe, yaani kwa kunyamaziwa. Akiingia mahali, chai inamiminwa haraka kupita kiasi. Simu ikapungua kulia. Mwezi wa kumi na moja, akiwa anakusanya kinyesi cha ng'ombe cha kuwashia jiko, aliliona gari la kijivu la Batjin, kijana wa bonde la pili, likipita chini ya kilima chake kuelekea wilayani, kilomita tisini. Alijua mke wa Batjin ana miezi tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpima mpaka wakati fulani, halafu mke akaacha kuja. Gari halikupunguza mwendo. Nergui alisimama na kikapu mgongoni mpaka vumbi likalala.

Mtoto alizaliwa garini, kilomita ya hamsini, kamba ya kitovu shingoni. Ni kitu ambacho Nergui alikuwa akikitengua kwa vidole viwili huku akiongea habari za mbuzi. Mtoto hakulia. Watu wakasema, masikini, njia mbaya.

Jioni ile mama yake alipouliza lile gari alilolisikia lilikuwa la nani, Nergui alimwambia ni la muuza sukari.

Januari, miguu ya Dulmaa ikavimba hadi magotini, na pumzi ikawa fupi. Nergui alimsikiliza kifua kwa kile kifaa chake cha miaka yote, akakivua masikioni taratibu. Hakuhitaji kusomea zaidi.

"Ni kiasi gani?" Dulmaa akauliza.

"Kiasi gani nini?"

"Wewe mtoto, mimi nimeuza farasi maisha yangu yote. Najua mtu anayekagua meno halafu hasemi bei."

"Mpaka majani yachipue, mama."

"Basi mpaka majani." Akavuta pumzi. "Mwezi Mweupe si unakuja kabla ya majani?"

"Unakuja."

"Basi hakuna neno."

Kesho yake alfajiri Nergui alimleta mke wa Zagd akae na mama, akapanda kwenye jipu la Gombo, wakaenda mkoani, kilomita mia mbili na arobaini, mlango wa upande wake ukiwa umefungwa kwa mkanda wa farasi. Gombo aliimba nusu ya njia na nusu nyingine akatoa hotuba aliyokusudia kumtolea mkuu wa ofisi. Kwenye hotuba hiyo mkuu wa ofisi alikuwa analia na kuomba msamaha.

Mkuu wa ofisi alikuwa semina. Wakapelekwa chumba namba saba, kwa msichana wa miaka ishirini na kitu aliyeitwa Solongo, mwenye kucha za rangi ya zambarau na maua matatu ya plastiki juu ya kompyuta. Alikuwa mkarimu. Aliwapa chai, akawapa viti, akamwita Nergui mama.

"Kata yenu haijawahi kuleta pendekezo, mama," alisema baada ya kubonyezabonyeza.

Gombo akaruka. "Haijawahi! Nimeleta miaka minne! Kwa mkono wangu! Kwenye flashi! Wewe mwenyewe ulilipokea la mwaka huu, ukaniambia asante kaka, nikakuachia na jibini!"

"Jibini nalikumbuka," Solongo akakubali. "Lakini faili silioni. Liliitwaje?"

"Liliitwaje vipi? Jina la mtu! Nergui!"

Solongo aliwatazama, akatabasamu kama mtu anayesubiri mzaha umalizike.

"Hapana kaka, jina. Ulilipa jina gani?"

"Nergui."

"Ndiyo, ulipoliacha bila jina, kompyuta yenyewe ikaliita Nergui, naelewa. Wote mnafanya hivyo. Hii mashine mtu asipolipa faili jina, inaliandika yenyewe Nergui. Hayaishi kuja. Nergui, Nergui 2, Nergui 3, ni takataka tupu, nusu kurasa, barua zilizoanzwa. Mkuu ameagiza kila mwaka kabla ya kutuma mjini nisafishe, kwa hiyo mimi yote yanayoitwa Nergui huwa nafu..."

Akaishia hapo. Mdomo ukabaki wazi kidogo, na ungeweza kuhesabu meno ya chini.

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma kwa mlio wake wa kitoto. Solongo akafungua pipa la takataka la kompyuta, lile la ndani ambako vitu vilivyofutwa husubiri kufutwa kabisa. Yalikuwemo mafaili kumi na moja, ya kwanza hadi ya mwisho Nergui. Akafungua la kwanza: tupu. La pili: orodha ya manunuzi ya karatasi. La tatu, la nne, la tano. Akafungua la sita, na kwenye kioo akatokea mwanamke mwenye kofia ya manyoya, ameshika usukani wa pikipiki, anacheka kwa sababu mpiga picha alikuwa Gombo.

"Kumbe ni mtu," Solongo akasema.

Kisha akaanza kulia, kucha zote za zambarau usoni. Nergui akainuka akazunguka meza akamshika bega, maana alikuwa na mazoea ya miaka thelathini na minne ya kumshika bega anayelia.

"Basi, basi mwanangu. Lirudishe tu. Lipeleke."

"Orodha ilishakwenda mjini, mama. Tarehe tisa. Ikishatiwa saini haiongezwi hata nukta. Mwakani, naapa, la kwanza kabisa litakuwa la kwako, nitaliandika kwa wino mwekundu..."

"Mama yangu hana mwakani," Nergui akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema hatumii sukari.

Solongo, kwa kutojua la kufanya, akampa kalenda ya ofisi.

Njia ya kurudi Gombo hakuimba. Alitukana mashine, akamtukana aliyeibuni, akaitukana kalenda. Halafu akachangamka, akaupiga usukani.

"Lakini sikiliza, dada! Umeokoka! Leo hii nafika, napita ger kwa ger. Hakuna kosa lolote, hakuna mtoto wa Sodnom, ni ujinga wa kompyuta! Nitahakikisha Batjin anakuja na hadaki, kile kitambaa cha hariri cha heshima, kukuomba radhi!"

Nergui alikuwa anaangalia nje, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuangalia.

"Gombo. Hili halifiki masikioni kwa mama."

"Una wazimu? Ndilo linalokusafisha!"

"Linanisafisha mimi linamchafua yeye. Jina ni lake. Yeye ndiye aliyelitunga. Umwambie mtu aliyebakiza miezi michache ya kuishi kwamba neno aliloniokolea ndilo lililonifuta?"

"Basi tuwaambie wengine, yeye tumfiche."

"Kwenye nyika hii? Zagd akipiga chafya leo, kesho bonde la pili wanamwombea afya."

Gombo akafikiri. Halafu akapata wazo, na ungeweza kuliona likimpanda shingoni. "Mimi nina sauti ya redio. Naweza kusoma orodha, narekodi kwenye simu, naweka wimbo kabla na baada. Bibi haoni. Siku yenyewe tunamwekea sikioni. 'Nergui, tabibu wa kata, kwa utumishi uliotukuka...'" Na kweli alikuwa nayo ile sauti, nywele zilimsimama Nergui.

Aliitaka. Mungu wake anajua jinsi alivyoitaka. Alikaa nayo mpaka taa za kwanza za wilayani zikaonekana.

"Sauti yako anaijua tangu ukiwa unaiba jibini lake," alisema mwisho. "Akigundua, atakufa akijua kwamba hata binti yake ameona hafai kuambiwa ukweli."

"Na ukweli hutaki kumwambia."

"Hapana."

"Sasa utamwambia nini?"

Nergui akaukaza mkanda wa mlango.

Dulmaa alikuwa macho, redio iko kifuani. Nergui alivua kofia, akapiga magoti mbele ya jiko, akaanza kulisha moto.

"Umefika mpaka mkoani," mama akasema. "Wamesemaje?"

"Wamesema wapo waliostahili zaidi."

Moto ukalia kidogo. Dulmaa alikuwa anasikia kila kitu siku hizo, hata majivu yakianguka.

"Siyo jina?" akauliza. "Niambie mwanangu. Mimi nimelala hapa nawaza, labda nimekuficha mno. Labda na wao hawakuoni. Siyo jina?"

Nergui alishika kipande cha kinyesi kikavu mkononi mpaka kikamvunjikia.

"Siyo jina, mama. Jina waliliona."

"Waliliona."

"Walilisoma vizuri kabisa."

"Wakaliacha."

"Ndiyo."

Dulmaa akavuta blanketi hadi kidevuni. Nergui alitamani akohoe, au aombe maji, chochote.

"Kwa hiyo ni yule mtoto wa Sodnom."

Hapo palikuwa na mlango bado. Neno moja lingetosha, na Nergui alikuwa nalo mdomoni, lina uzito kama jiwe. Lakini ukiutoa mzigo huku ni lazima uuweke kule, na kule kulikuwa na mwanamke wa miaka themanini na sita ambaye kitu pekee alichowahi kukishinda duniani, alikishinda kwa neno lile.

"Labda, mama," alisema.

"Mimi nilikuwa nakutetea kwa watu," Dulmaa akasema. "Mke wa Zagd alipoanza maneno, nilimfukuza na bakuli lake." Alipapasa redio kifuani, akakitafuta kitufe, akaizima. "Basi jina lilifanya kazi yake. Yaliyobaki ni yako."

Redio ile haikuwashwa tena. Siku ya orodha ikapita kama siku ya kukamua tu. Mwezi Mweupe ukaja, na vijana wakaja kuinua viwiko vya bibi kwa salamu kama ilivyo desturi, na bibi akawapa baraka zote, akawagawia peremende. Joho la buluu lilibaki kwenye sanduku. Kila asubuhi na jioni Nergui alimpa mama vidonge vyake viwili, kimoja cha moyo na kimoja cha kupunguza maji mwilini, vilevile alivyompa miaka mitano. Sasa Dulmaa alikuwa anavishika kwanza kwenye kiganja, anavipapasa kwa kidole gumba.

"Hivi ni vyenyewe?" alikuwa anauliza. "Umesoma vizuri kwenye karatasi?"

"Ni vyenyewe, mama."

"Soma tena."

Na Nergui alisoma tena, kwa sauti, kijikaratasi chote, mara mbili kwa siku, wiki tano, mpaka wiki ya pepo za majira ya kuchipua, ambapo asubuhi moja bakuli la chai lilibaki limejaa. Majani yalikuwa bado hayajatoka.

Siku ya tatu, watu wakinywa chai ya matanga, Gombo hakuweza kuvumilia tena. Alimtazama Nergui, Nergui akaangalia pembeni, naye Gombo akaichukulia hiyo kuwa ruhusa. Akasimama, akaeleza yote: flashi, jibini, kompyuta, Nergui 2, Nergui 3, kucha za zambarau, kumbe ni mtu.

Wakacheka. Walijizuia kwanza kwa heshima ya msiba, mabega yakitikisika, halafu Zagd akapaliwa na chai na wote wakaachia. Walicheka mpaka wanawake wakajifuta machozi waliyokuwa wameyafuta asubuhi kwa sababu nyingine.

"Gombo weee!" mke wa Zagd akasema, ameshika mbavu. "Hata msibani! Huyu mtu akifa ulimi wake utazikwa wiki ya pili!"

"Ni kweli! Naapa kwa mama yangu! Mwulizeni mwenyewe!"

Wakamgeukia Nergui kwa macho ya huruma, macho ya kumwambia usijali, tunajua anataka kukufurahisha. Batjin alikuwa ameketi karibu na mlango, na mke wake. Mke wake hakuwa anacheka. Nergui akafungua mdomo, akaona jinsi hadithi ilivyo nzuri mno, jinsi ilivyokaa kimzaha kila upande, na kwamba mtu aliyekosa mara nne hawezi kuwa na hadithi nzuri kiasi hicho.

"Ongezeni chai," alisema.

Wiki iliyofuata alikwenda wilayani kuandikisha kifo. Mwandikishaji alikuwa mwanamume mnene mwenye mafua, na sweta lililofumwa na mtu anayempenda. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Marehemu?"

Mtu hatamki jina la mzazi wake hivihivi kama anayeita mbwa; kwanza husema kwamba ni zito. "Jina lake zito ni Dulmaa," Nergui akasema.

"Anayetoa taarifa ni nani kwake?"

"Binti yake. Nergui."

Mwandikishaji akasimamisha kalamu, akapenga kamasi, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Dada, usinichukie. Haya majina, Hana-Jina, Si-Huyu, Si-Mtu, watu wanakuja hapa kila wiki kuyavua. Wanangoja wazazi watangulie, halafu wanakuja. Ni halali kabisa. Hakuna wa kumkosea tena."

"Wanayavua wanakuwa nani?"

"Yeyote. Ua. Nuru. Chuma. Wiki jana nimemwandika mzee wa miaka sabini anaitwa Furaha, ametoka hapa anatembea kama bwana harusi."

Akagonga mhuri kwenye cheti cha kifo, akakipuliza wino ukauke, akakisukuma mezani.

"Nakulipa nini?" Nergui akauliza.

"Kifo ni bure."

"Na jina?"

"Jina ni tugrug elfu thelathini na mbili."